Upinde wa tiyo: namna ya kutambua upinde wa chuma wa zamani, na juu ya nini usiuvute

Wanaonifuata hapa wananijua kwa mambo ya mihogo, mbegu na mbolea. Leo niko na habari ya upinde. Musikimbie. Mutaona mbele kwamba hata jembe liko ndani ya hii historia.

Mwaka jana nilipata kontra ndogo ya siku 9: kuhesabu vyombo vyote katika depo ya shamba moja kubwa la kinkina, ile miti inayotoa kinini, kwenye milima ya Kivu ya Kusini. Shamba lenyewe lilipandwa wakati wa Wabeleji. Miti imebaki kidogo, lakini depo ilikuwa imejaa: majembe bila mipini, pompi za kupulizia dawa, mizani, minyororo, makopo ya rangi iliyokauka. Juu ya boriti kulikuwa tiyo mbili za chuma, kila moja nene upande mmoja na nyembamba upande mwingine. Nikaandika katika daftari: «Tiyo za pompi, 2, hazitumiki.»

Muzee mlinzi akacheka. «Hapana, Agronomu. Hiyo haiko ya pompi. Ni upinde ya muzungu.» Akazishusha, akaingiza moja ndani ya nyingine, na kweli: upinde mzima, mrefu karibu kufika kwenye macho yangu, wenye mshiko wa ngozi katikati. Akaniambia mambo mawili. La kwanza: mjukuu wake, kijana wa miaka 15, kila siku ya mungu anaufunga kamba ya nailoni na kupiga mishale kwenye mgomba. La pili: mtu mmoja kutoka mjini aliuona, akasema ni upinde wa wafalme wa Uhindi, wa miaka 300, na kwamba atarudi na dola 2000. Muzee alikuwa ameshagawanya zile pesa kichwani mwake: mabati, na masomo ya watoto watatu.

«Weye ulisoma,» akaniambia. «Andika bei.»

Njo vile nilianza kusoma juu ya pinde za chuma, kila jioni, kwenye simu, pale mtandao unapopatikana karibu na mti mmoja wa avoka. Nilikuwa na maswali mawili tu. Je, huu ni wa Uhindi? Na je, yule kijana anaweza kuendelea kuuvuta? Nilikuta kwamba jibu la yote mawili linatoka katika swali la tatu ambalo sikuwa nimeliuliza: juu ya nini mtu atengeneze upinde wa chuma, wakati miti iko?

Chuma kilikuja juu ya unyevu

Tuanze Uhindi, juu huko njo mtu wa mjini alituelekeza.

Majeshi ya watawala wa Mughal, waliotawala sehemu kubwa ya Uhindi kutoka 1526, hayakutumia upinde wa mti mtupu. Upinde wao ulikuwa wa kuunganisha: ubao mwembamba katikati, pembe ya nyati upande wa tumbo, mishipa ya mnyama upande wa mgongo, na gundi ya kushika vyote. Pembe inavumilia kubanwa, mishipa inavumilia kuvutwa, na mti unashika umbo. Ni akili kubwa sana. Upinde mfupi wa namna hiyo unatupa mshale mbali kuliko upinde wa mti wenye urefu ule ule.

Lakini gundi ile inatoka kwa ngozi na mishipa ya wanyama. Kila aliyesoma kemia kidogo anajua adui yake: maji. Wakati wa masika ya Uhindi hewa inalowa kwa miezi, gundi inalegea, mishipa inalegea, na upinde unapoteza nguvu au unaachana. Tena kuutengeneza kulichukua muda mrefu, juu kila safu inapaswa kukauka vizuri kabla ya kuweka nyingine. Mara nyingi kazi ilipita mwaka mzima. Fikiria wewe ni mkubwa wa ngome, una pinde nyingi ndani ya depo, mvua inanyesha miezi minne, na adui hakuambii siku atakayokuja.

Mafundi wakatoa jibu: upinde wa chuma cha feleji. Nyingi tunazoziona katika majumba ya makumbusho leo ni za karne ya 17, ya 18 na mwanzo wa karne ya 19. Haukuwa mzuri zaidi katika kupiga. Chuma ni kizito kuliko pembe na mishipa, kwa hiyo mikono ya upinde, ukiachia ugwe, inarudi polepole, na sehemu ya nguvu uliyoiweka inabaki kusukuma chuma chenyewe badala ya kusukuma mshale. Wapiga upinde walilijua jambo hilo. Walichokipata ni kingine: upinde unaokaa. Unaweza kuuacha depo, masika yakapita, ukaukuta na nguvu yake.

Hapo nikaandika sentensi moja katika daftari langu, na ilinisaidia mpaka mwisho: upinde wa chuma haukuzaliwa kwa ajili ya kupiga vizuri, ulizaliwa kwa ajili ya kuwekwa vizuri.

Namna upinde wa Uhindi unavyoonekana

Sasa alama zake. Fundi wa Uhindi alifuata umbo la upinde wa kuunganisha, juu njo umbo ambalo mikono ya askari ilizoea. Kwa hiyo upinde una mawimbi: mshiko umeingia ndani kidogo, mikono imepinda, na ncha zimegeuka kuelekea mbele. Ukiuona ubavuni bila ugwe, hauko kama mwezi mchanga wa kawaida. Uko kama mdomo wa juu wa mtu.

Mikono yake ni mabamba, si tiyo. Ni chuma kilichofuliwa kwa nyundo, kipana kidogo, chembamba, kimejaa ndani. Ukipima kwa vidole utasikia unene ukibadilika hapa na pale, juu ni kazi ya mkono.

Halafu mapambo. Nyingi zimepambwa kwa kazi ya dhahabu au fedha inayoitwa koftgari. Fundi anakwaruza uso wa chuma kwa mistari midogo sana inayokatana, sawa vile sisi tunavyokwaruza ukuta kabla ya kupiga simiti, halafu anagongelea uzi au karatasi nyembamba ya dhahabu juu yake mpaka ishike. Ndani ya kioo cha kukuzia, pale dhahabu imetoka, ile mikwaruzo inaonekana bado. Rangi ya dhahabu iliyopakwa kwa brashi haina mikwaruzo chini yake.

Baadhi ya pinde hizo zinafunguka katikati ya mshiko kwa visi, ili zibebwe kwa urahisi. Kwa hiyo mtu akikuambia «unafunguka, basi ni wa kisasa», amekosea. Na akikuambia «unafunguka, basi ni wa Uhindi», amekosea pia. Angalia unafunguka namna gani.

Onyo moja hapa. Katika karne ya 19 kazi ya koftgari iliendelea, hasa Punjab, katika miji kama Sialkot, na silaha nyingi zilipambwa kwa ajili ya maonyesho na kwa wageni waliotaka kitu cha kupeleka nyumbani. Upinde unaweza kuwa wa Uhindi kweli, wenye dhahabu kweli, na usiwe umeona vita hata siku moja. Dhahabu nyingi haimaanishi umri mkubwa.

Kuna ndugu mwingine wa kuchanganya: chuma cha upinde wa Ulaya unaofungwa juu ya gogo, ule unaopigwa kwa kubana kitu kama traga ya bunduki. Kutoka karne ya 15 mafundi wa Ulaya waliuwekea bamba la chuma. Gogo likioza, linabaki bamba peke yake: fupi, mara nyingi halifiki mita moja, nene sana, halina mshiko wowote. Hakuna mtu anayeweza kulivuta kwa mikono mitupu. Ukiona hivyo, usitafute mshiko uliopotea, haukuwepo.

Chuma kilirudi juu ya kiwanda

Upinde wetu wa depo haukuwa na wimbi, haukuwa na bamba, haukuwa na dhahabu. Ulikuwa tiyo. Hapo tunaruka kutoka Uhindi mpaka Ulaya ya karne ya 20, na sababu ya chuma inabadilika.

Ulaya haikuwa na vita vya mishale tena, lakini ilikuwa na mchezo. Wabeleji waliupenda sana. Hubert Van Innis, Mubeleji, alipata medali 6 za dhahabu na 3 za fedha katika Michezo ya Olimpiki ya 1900 na 1920, na ile ya 1920 ilifanyika kwao, Anvers. Hakuna mpiga upinde mwingine wa Olimpiki aliyemfikia kwa hesabu hiyo ya medali. Kwa hiyo mzungu wa shamba la kinkina kuwa na upinde juu ya ukuta si jambo la ajabu hata kidogo. Mwaka 1931, huko Lwów, mji uliokuwa wa Poland wakati ule, nchi kadhaa zilianzisha shirikisho la dunia la mchezo huo, na mashindano ya ubingwa wa dunia yakaanza.

Shida ilikuwa mti. Upinde mzuri wa mchezo ulitaka mti wa pekee, hasa ule unaoitwa yew, uliokatwa vizuri na kukaushwa kwa miaka. Hakuna miti miwili inayofanana. Sisi wa kilimo tunalijua hilo kuliko wote: hata mbegu za gunzi moja hazitoi mimea sawa. Siku ya joto upinde wa mti unalegea kidogo, siku ya baridi unakazana, na unaweza kuvunjika. Mchezaji akivunja upinde wake alioupenda, hapati wa pili kama ule.

Kiwanda kinaweza kutoa vitu vinavyofanana. Katika miaka ya 1930, Seefab ya Sweden ilitoa upinde wa tiyo ya chuma. Tiyo ni jibu la akili kwa ile kasoro ya Uhindi: ukitoa chuma cha katikati, ambacho kinasaidia kidogo wakati wa kupinda, unapunguza uzito na unabaki na nguvu. Na tiyo ikipungua unene kuelekea ncha, ncha inakuwa nyepesi na inakimbia. Sweden ilikuwa nchi kubwa katika mchezo huo. Hans Deutgen wa Sweden alikuwa bingwa wa dunia mara 4 mfululizo, kutoka 1947 mpaka 1950.

Marekani nako kulikuwa na pinde za chuma za alama ya True Temper. Na hapa njo jembe linaingia. True Temper ilikuwa alama ya kampuni American Fork & Hoe, na jina hilo tu linakuambia kazi yao: uma za shamba na majembe. Mtu anayejua kukifanya chuma kipinde na kirudi bila kukatika, anaweza kutoa uma wa kupindulia majani, mpini wa fimbo ya golfu, au upinde. Nilipolisoma nilicheka peke yangu chini ya avoka. Kumbe kukuta upinde katikati ya majembe hakukuwa ajabu sana.

Uingereza ilikuwa na Accles & Pollock, ya Oldbury, karibu na Birmingham. Hao walikuwa watu wa tiyo kabisa: tiyo za ndege, tiyo za fimbo za golfu, mpaka tiyo nyembamba sana za sindano. Baada ya Vita ya Pili ya Dunia walitoa pinde za chuma kwa jina la Apollo. Vilabu vilizinunua, juu mwanafunzi mmoja akiharibu upinde, unachukua mwingine wa nguvu ile ile na somo linaendelea.

Wakati wake haukuwa mrefu. Katika miaka ya 1950 pinde za mti uliobandikwa na nyuzi za kioo zilienea, nyepesi na za haraka kuliko chuma, na tena hazishiki kutu. Miaka ya 1960 ilipofika mwisho, upinde wa tiyo ulikuwa kitu cha kuweka nyuma ya kabati. Ukikuta leo upinde wenye mshiko wa alumini au chuma lakini mikono yake si chuma, huo ni wa jamii nyingine, ya miaka ya 1970 na kuendelea. Na ukikuta magurudumu kwenye ncha, huo unatoka katika uvumbuzi wa Mmarekani Holless Wilbur Allen, aliyepewa hati yake mwaka 1969.

Kuutambua, hatua kwa hatua

Nawapa njia niliyoifuata, kwa mpangilio, juu mpangilio unasaidia usidanganywe na kitu cha kwanza kinachong'aa.

1. Sumaku. Nilitoa moja katika spika ya redio iliyokufa. Ikishika, ni chuma. Isiposhika, fikiria alumini, ingawa kuna aina za chuma kisichoota kutu ambazo sumaku haizishiki. Wetu ulishika.

2. Bamba au tiyo? Gonga kwa ukucha, sikiliza. Angalia ncha: tiyo mara nyingi inazibwa kwa kizibo ili maji yasiingie. Bamba lililofuliwa ni la kale au la fundi wa mkono. Tiyo yenye unene sawa kila upande ni ya kiwanda. Wetu ulikuwa tiyo, iliyobonyezwa kidogo kuwa kama yai, na vizibo kwenye ncha.

3. Umbo bila ugwe. Mawimbi yanaelekeza Uhindi. Ulionyooka au kupinda kidogo tu unaelekeza mchezo wa Ulaya na Marekani.

4. Kiungo cha katikati. Visi iliyokatwa kwa mkono haina meno yanayofanana. Tiyo inayoingia ndani ya tiyo bila kutikisika ni kazi ya mashini.

5. Mapambo. Koftgari, au rangi ya kiwanda? Chini ya mshiko wa ngozi nilikuta rangi ya kijani safi kabisa, laini, bila alama ya brashi.

6. Namba. Tafuta karibu na mshiko. Pinde za mchezo za nchi zinazotumia Kiingereza zinaandikwa nguvu kwa ratili, kwa kawaida ikipimwa wakati mshale umevutwa inchi 28, yaani sentimita 71. Kwenye wetu kulibaki «36». Ratili 36 ni karibu kilo 16: nguvu ya mchezaji, si ya askari.

7. Jina la kiwanda. Mara nyingi ni karatasi ya kubandika, na inatoka mapema. Kama ipo, usiikwaruze na usiilowanishe. Wetu haukuwa na kitu, isipokuwa alama nyepesi ya mahali karatasi ilipokuwa.

Kwa hiyo jibu la swali la kwanza lilikuwa tayari jioni ya tatu. Tiyo ya mashini, kiungo cha mashini, rangi ya kiwanda, namba ya ratili. Karne ya 20, miaka ya 1930 mpaka ya 1960. Wafalme wa Uhindi hawamo.

Kuupima: ni mzima au haupo mzima?

Swali la pili lilikuwa gumu zaidi, juu upinde ule ulionekana mzima. Kijana mwenyewe aliniambia: «Yaya, angalia, iko inapiga muzuri. Haiyavunjika hata mara moja.»

Chukua waya wa kufungia, upinde na kuunyoosha. Mara ya kwanza haukatiki, mara ya tano pia. Mara ya ishirini unakatika ghafla, na mara ya kumi na tisa haukukuambia kitu. Chuma kinachoka. Kila kuvuta kunafungua ufa mdogo kwa kiasi usichokiona, na ufa huanza mahali penye kasoro: kibonyeo, mkwaruzo, shimo la kutu. Upinde wa mti mara nyingi unaonya; unalia, unatoa nyufa, mgongo unanyanyuka vipande. Upinde wa tiyo unakatika mara moja, karibu na uso wa anayeuvuta, na mahali ulipokatika panabaki makali kama kopo lililofunguliwa vibaya. Wapiga mishale wenye uzoefu huko Uingereza wanashauri usivutwe tena, uning'inizwe tu ukutani.

Basi angalia hivi. Pitisha kidole polepole urefu wote, tafuta vibonyeo. Angalia mstari: shika upinde kama unavyokagua ubao kwa jicho moja; mkono mmoja ukiwa umepinda kuliko mwingine, umeshaharibika. Angalia kwa makini karibu na mshiko na kwenye ncha ambapo ugwe unakaa. Ukiona alama ya kuchomelea, funga mazungumzo: moto wa kuchomelea unaharibu ugumu uliowekwa kiwandani, na upinde huo hauvutwi.

Lakini adui mkubwa hayuko nje. Nje kuna rangi. Ndani hakuna rangi, wala mtu hawezi kupangusa. Katika milima yetu usiku ni baridi, mchana ni joto, na hewa ina maji mwaka mzima. Hewa inaingia ndani ya tiyo kupitia kiungo, usiku inaacha matone, mchana inakauka, na hivyo kwa miaka 60. Ukuta wa tiyo ni mwembamba, haina chuma cha ziada cha kuliwa.

Siku ya sita nilimwomba Muzee ruhusa. Nikatoa kizibo cha ncha moja, nikaweka ukurasa mweupe wa daftari chini, nikainamisha ile tiyo na kuigonga kidogo kwa kiganja. Ukamwagika unga mwekundu, na ndani yake vipande vyembamba kama maganda ya kitunguu. Nikagonga tena. Ukamwagika mwingine.

Kijana aliangalia ule ukurasa, hakusema kitu. Sisi wa kilimo tunaijua picha hii. Muhindi unaonekana mzuri, punje inang'aa, unaibonyeza na inabaki ganda: fukusi walishakula ndani. Nilimwonyesha kwa punje, juu hapo ghalani zilikuwepo. Nilimwambia: «Kila siku ya mungu unavuta hii karibu na jicho lako.»

Ule ugwe wa nailoni niliukata mimi mwenyewe.

Bei

Ikabaki bei. Thamani ya upinde wa chuma inatoka sehemu nne: ulitoka wapi na wakati gani, kazi ya mkono iliyowekwa, hali yake, na ushahidi unaokuja pamoja nao, kama sanduku lake, mishale yake, picha ya mwenyewe, karatasi ya kununua. Wa Uhindi wenye koftgari ya kweli unaweza kuwa mali. Wa tiyo ulitoka kiwandani kwa wingi. Wengi wanaoutafuta ni wapenzi wa historia ya mchezo, na wanatafuta ulio mzima na wenye jina. Wetu haukuwa na jina, sanduku, wala mshale hata mmoja wa kwake.

Kama una kitu cha namna hii kwenu, kabla ya yote piga picha, pamoja na kila namba. Usisugue kwa karatasi ya msasa wala kwa mchanga. Watu wengi wanaua thamani siku moja kwa kutaka king'ae. Pangusa vumbi kwa kitambaa kikavu, paka mafuta ya mashini kidogo sana, ukiweke mahali pakavu bila ugwe. Na usikubali mtu akupe umri wa kitu chako kabla hajakigusa. Yule wa mjini aliuona upinde kwa mbali tu, ukiwa bado kwenye boriti.

Nilifuta ile sentensi yangu ya kwanza katika daftari, nikaandika nyingine: «Upinde wa michezo, tiyo ya chuma, vipande 2, karne ya 20, ratili 36, bila jina la kiwanda, kutu ndani. Usifungwe ugwe. Usiuzwe kama wa Uhindi.»

Muzee alinisomesha mara mbili. «Kwa hiyo dola elfu mbili haiko.»

«Haiko, Muzee.»

Alikaa kimya muda mrefu, halafu akauliza kama anaweza kumwambia yule mtu tu kwamba haujui, amwache aamini anavyotaka. Ni swali la kweli, musimcheke. Mabati na masomo ya watoto watatu si maneno. Nilimwambia karatasi imeshaandikwa na nakala inaenda kwa wenye shamba, na kwamba yule mtu akiuuza mbele kama wa wafalme, atakayeshikwa siku moja si yeye wa mjini, ni mlinzi wa depo. Sijui kama nilimshawishi au nilimtisha. Alichukua upinde akaurudisha kwenye boriti.

Nilirudi pale mwezi wa nane. Uko bado juu, bila ugwe. Muzee alinipokea vizuri, akanipa chai. Kijana alinisalimia kwa heshima, «Jambo, Agronomu», hakusema Yaya tena, akaenda zake.

Nauliza sasa ninyi mulio Bukavu, Goma, Uvira, Kalemie, Lubumbashi: katika nyumba na depo za zamani za kwenu, kuna kitu gani ambacho wote wanakiita kwa jina lisilo lake? Muweke picha hapa chini, na namba zote zinazosomeka. Tutavisoma pamoja, kabla mtu wa mjini hajarudi na bei yake.